Saa ya Mishale Ingali na Kazi Yake

Mwezi Desemba mwaka 2025, Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa afya na Marekani. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu za mkataba huo zilizohusu kupelekwa ng'ambo kwa habari za kiafya za wananchi. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini miongoni mwa walioshangilia walikuwamo watu waliovaa mkononi chombo kinachokusanya mapigo ya moyo wao, saa zao za usingizi na idadi ya hatua zao, kisha kuyapeleka hayo yote katika mitambo ya kampuni za kigeni. Kwa hili hapakuwa na kesi wala mjadala.

Chombo hicho ni saa janja. Mimi niliivua yangu mapema mwaka huu, nikairudia saa ya mishale. Wenzangu hapa Moi's Bridge wameniuliza kama nimezidiwa na ushamba au na uhaba wa fedha. Si hili wala si lile. Swali lao lastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu walimu na wanafunzi kuliko watu wengine wengi.

Tuanze na biashara iliyo nyuma ya chombo hiki. Itakumbukwa kuwa mwaka 2023 umati wa watu ulipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, ili mradi wa Worldcoin uwapige picha za mboni za macho. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo mwezi Agosti mwaka huo, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zilizokusanywa zifutwe. Watu wale walidhihakiwa kwa kuuza macho yao. Sasa nauliza: ni nani wa kudhihakiwa zaidi, aliyelipwa ili atoe siri ya mwili wake, au anayelipa kwa fedha zake mwenyewe ili aitoe kila siku?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na yataka mwenyewe aridhie kabla hazijatumiwa. Tatizo ni kwamba ridhaa hiyo hutolewa kwa kubonyeza kitufe chini ya maandishi marefu ambayo ni wachache wanaoyasoma. Tena, anayekabidhiwa siri leo huenda asiwe mwenye nayo kesho. Waliovaa vifaa vya Fitbit waliamka mwezi Januari 2021 wakakuta kampuni hiyo imekwisha kuwa mali ya Google. Na mwaka 2018 ilibainika kuwa ramani ya mazoezi iliyochapishwa na kampuni ya Strava ilikuwa imefichua kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia wakiwa na vifaa vya kuwafuatilia. Ikiwa majeshi yalishindwa kuificha njia yao, mwanafunzi wa shule ataifichaje yake?

Jambo la pili ni elimu yenyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna hesabu yetu ya saa, inayoanza jua linapochomoza na kuanza tena linapotua. Hapa tulipo, karibu na ikweta, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na kwa hiyo hesabu hiyo haitupotezi. Saa ya mishale inaubeba utaratibu huu bila taabu. Mshale mfupi ukielekea kumi asubuhi, twasoma nne iliyo upande wa pili. Ukielekea saba, twasoma moja. Uso mmoja watupa hesabu mbili. Tarakimu za saa janja hazina upande wa pili: mtoto hana budi kutoa sita au kuongeza sita kichwani.

Zaidi ya hayo, uso wa saa ni ubao wa hisabati. Mshale mrefu huzunguka nyuzi 360 kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kwa kila dakika. Robo saa na nusu saa ni sehemu ambazo mtoto anaziona kwa macho kabla hajaziandika daftarini. Mwanafunzi anayetazama mishale huona pia muda uliobaki kabla ya kengele, wala si wakati uliopo tu. Katika chumba cha mtihani, tofauti hiyo ina uzito.

La tatu ni utulivu wa darasa. Shule zetu nyingi zimewakataza wanafunzi kuwa na simu, na Baraza la Mitihani ya Kitaifa limezipiga marufuku katika vyumba vya mitihani. Saa janja inayopokea ujumbe ni sehemu ya simu iliyofungwa mkononi. Nchini Uingereza, bodi za mitihani zimeona ugumu wa kutofautisha saa moja na nyingine, zikawakataza watahiniwa kuingia na saa ya mkononi ya aina yoyote. Nasi walimu tukumbuke kuwa hatuwezi kumkanya mtoto kwa simu ilhali mikono yetu inatetemeka kila ujumbe unapoingia.

Sikatai kwamba chombo hiki kina manufaa. Mwanariadha anayejiandaa kwa mbio za marathoni katika milima ya Iten anahitaji kujua kasi na umbali wake. Mgonjwa wa moyo aliyeshauriwa na daktari wake ana sababu njema ya kukivaa. Hao wanajua wanachokitafuta. Lakini mwalimu anayetaka kujua kama kipindi kimekwisha hahitaji chombo cha kuchajiwa kila siku au kila baada ya siku chache, hasa katika vijiji ambako umeme hupotea bila taarifa. Saa ya kawaida ya kwazi, ambayo kijiwe chake hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, hutumia betri moja kwa miaka kadhaa, na fundi wa sokoni huibadilisha kwa dakika chache.

Mji huu uliitwa Hoey's Bridge zamani za walowezi, na reli ya kwenda Kitale ilipopita katika miaka ya 1920, saa ya stesheni ilikuja na amri zake. Wazee wetu waliifuata ratiba ya treni pasipo kuiacha hesabu yao ya jua. Huo ndio uteuzi ninaoupendekeza leo. Kila darasa na litundikwe saa ya mishale ukutani. Bodi za shule ziitaje saa janja waziwazi katika kanuni zao. Na mzazi anayetaka kumnunulia mtoto saa hiyo aulize kwanza habari za mwili wa mtoto zitahifadhiwa wapi, na nani, kwa muda gani. Muuzaji asipokuwa na jibu, mzazi na arudi nyumbani na fedha zake.