"Ni baridi tu, mama, pandeni": jibu ambalo abiria wa kamioneti asilikubali haraka

Asubuhi, mahali kamioneti zinapopakia mizigo ya kwenda Sake, Masisi ao Rutshuru, shofere anageuza ufunguo. Moteri inagonga kama nyundo kwenye bati, moshi mweupe unafunika watu, kisha linakuja jibu lile lile: "Ni baridi tu, mama, pandeni." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Shida ni kwamba linatolewa hata siku ambayo si la kweli, na wanaoumia ni wale waliokwisha funga magodoro na masufuria nyuma.

Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na nyingine za kandokando ya Goma zibaki bila watu mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi za wahamishwa zimerudi vijijini kwa magari ya namna hiyo. Gari likizimika katikati ya mlima, si shofere peke yake anayelala njiani.

Moteri ya mazutu haina buji ya kutoa cheche kama ile ya esanse. Inaminya hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuwasha mazutu. Lakini chuma kilicholala usiku kucha kinanyonya joto hilo. Mazutu yanachelewa kuwaka, yanajikusanya, halafu yanawaka kwa pigo moja. Ndiyo ile ka-ka-ka ya asubuhi. Moshi mweupe ni mazutu yaliyotoka bila kuungua. Tena Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ukipanda Masisi inapungua zaidi huku baridi ikiongezeka.

Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka buji za kupasha joto, pamoja na taa ndogo ya manjano mbele ya shofere. Taa ikizimika, ndipo unawasha. Ni sekunde chache tu, lakini mashofere wengi hawazisubiri, ao buji zenyewe zilikufa zamani na hakuna aliyezibadilisha. Wengine wakishawasha wanakanyaga mafuta kwa nguvu ili moteri "ichangamke." Hiyo ni kuiua polepole, kwani mafuta ya moteri yangali mazito na hayajafika kila mahali.

Kelele ya baridi ya kweli inapungua yenyewe kadiri moteri inavyopata joto, na moshi unaisha. Ile inayobaki, ama inayoongezeka moteri ikipata moto, si ya baridi tena. Mgongo mzito kutoka chini kabisa, unaopanda kila ukikanyaga, unaonyesha kwamba vyuma vya ndani vimelika, maana mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na hayawezi kuvikinga. Na taa nyekundu ya mafuta ikibaki inawaka wakati moteri inagonga, gari lizimwe palepale. Hapo hakuna mjadala.

Kuna kelele moja inayodanganya hata mafundi. Ni tik-tik ya haraka asubuhi, inayonyamaza baada ya dakika kumi. Watu wanafurahi, wanasema imepona. Mara nyingi ni bomba la moshi lililopasuka ao kulegea karibu na moteri. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ufa. Kwenye mawe ya volkano ya barabara zetu jambo hilo halishangazi. Lakini moshi ule unaweza kuingia mbele, mahali wanapowekwa akina mama wenye watoto wachanga kwa heshima.

Mkanda wa ndani unaoendesha vali, kwenye Hilux nyingi za zamani na kwenye Land Cruiser zenye moteri ya 1HZ, mara nyingi haupigi kelele yoyote kabla ya kukatika. Kwa kawaida unabadilishwa kwenye kilometre 100,000 hivi. Ni nani anayejua kilometre za gari ambalo mshale wake ulisimama kabla halijafika Goma?

Mashofere wana utetezi wao, na una uzito. Mwenye gari anadai pesa yake kila jioni, gari liwe limefanya kazi ao limelala garaji. Mazutu ya bidoni yanakuja mara nyingine na maji, maji yanakaa chini ya filtre, na asubuhi moteri inakohoa na kukata. Kumwaga maji hayo ni kazi ya dakika tano, lakini kubadilisha sindano za mazutu zilizoharibika kunakula pesa ya wiki nyingi. Basi wenye magari ndio wa kwanza kuulizwa. Wanaotaka pesa ya jioni watoe kwanza nafasi ya garaji.

Abiria naye ana haki ya kuomba jambo moja: moteri iwashwe kabla mzigo haujapanda, isikilizwe dakika kumi, mabaki ya nauli yalipwe mwisho wa safari. Na kabla ya ufunguo kugeuzwa, aweke mkono juu ya kapo. Ikiwa tayari ina joto saa kumi na mbili asubuhi, gari halijatoka popote, aulize ni kwa nini liliwashwa mapema bila watu kusikia.