Usiuze Pikipiki Ununue Kadi ya Picha

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa. Kuandika programu za watu ndiko kunakolipa kodi ya nyumba, na wenye kazi hawana subira. Leo nimerudi na jambo lililonikera, na nitalisema kama lilivyo.

Nina binamu yangu Naivasha. Mchana ni fundi wa magari, jioni huendesha bodaboda. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kijana huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wiki ya mashindano hulala Kedong apate mahali pazuri pa kumeza vumbi. Gari la mashindano hawezi kununua, na hilo analijua. Kwa hiyo anataka simuleta: usukani, pedali, na miwani ya VR ya kumtia ndani ya gari lenyewe.

Mwezi uliopita akanipigia simu. "Kaka, nimepata mteja wa pikipiki. Niambie tu ninunue kadi gani ya picha." Kumbe duka moja lilikuwa limemwandikia bei: shilingi 235,000, kompyuta peke yake. Kasha la kioo, feni sita, taa za rangi zote za upinde wa mvua. Miwani haimo. Usukani haumo.

Nilimwambia asimpe mtu yeyote hati za pikipiki mpaka tuongee. Yaliyofuata ndiyo haya ninayowaandikia, maana najua hayuko peke yake.

Msimamo wangu ni mmoja: "ninunue kadi gani?" ni swali la mwisho. La kwanza ni "nitacheza mchezo gani?" La pili ni "mchezo huo unahitaji nini ili picha isikwame hata mara moja?" Ukiyajibu hayo mawili, kadi itajichagua yenyewe, na mara nyingi itakuwa ya bei ndogo kuliko ulivyotishwa.

Mwili ndio hakimu

Kwenye skrini ya kawaida, fremu zikishuka kutoka 60 kwa sekunde hadi 45, utanung'unika kisha utaendelea. Kwenye VR mambo ni mengine. Umegeuza kichwa kutazama kona, picha imechelewa kidogo tu kukufuata, na tumbo linaanza kukuuliza maswali.

Hebu tufanye hesabu. Miwani ya Quest 2, iliyotoka mwaka 2020, ina nukta 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Macho mawili ni nukta milioni 7 hivi. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo. Ukiiendesha miwani hiyo kwa kiwango chake cha chini, mara 72 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 13.9 tu za kuandaa kila fremu. Ukipanda hadi mara 90 zinabaki 11.1. Muda huo haungojei mtu. Fremu isipokuwa tayari, programu ya miwani hubuni ya kujazia, na hapo ndipo unaona usukani ukitetemeka kama unaoonekana ndani ya maji.

Kwa hiyo mimi nataka fremu 72 zisizoyumba kuliko 90 zinazopanda na kushuka. Napunguza vivuli, napunguza miti ya mbali, napunguza watazamaji (samahani binamu, hata wewe hapo Kedong), mpaka kadi ibaki na nafasi ya kupumua. Picha ya kawaida inayotulia ni bora kuliko picha ya kupendeza inayokutapisha.

Na hata ukipata fremu zote, jua kwamba kichefuchefu hakiishi kabisa kwa kila mtu. Ukisoma gazeti ndani ya matatu, sikio linahisi mwendo lakini jicho halioni. Kwenye VR ni kinyume: jicho linaona mwendo, sikio halihisi kitu. Anza na dakika kumi, weka feni mbele yako, na ukihisi jasho jembamba vua miwani papo hapo. Usishindane nalo.

Chagua mchezo kwanza

Hapa ndipo ralli inapowafaa watu wa mfuko mdogo. Kwenye mbio za uwanjani uko na magari ishirini au zaidi, na prosesa inahesabu matairi ya kila mmoja wao. Kwenye ralli uko peke yako barabarani unashindana na saa. Gari moja tu! Mzigo wa prosesa unapungua sana.

Sasa nitawaambia mchezo ninaoupenda, na msicheke umri wake. Unaitwa Richard Burns Rally, ulitoka mwaka 2004. Burns alikuwa dereva Mwingereza, bingwa wa dunia wa 2001. Ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye ubingwa wa dunia aliupata hapa kwetu, Safari Rally ya 1998, akiwa na Mitsubishi Carisma GT. Akaishinda tena Safari mwaka 2000 akiwa na Subaru. Alifariki mwaka 2005, lakini mchezo wenye jina lake haujafa.

Haujafa kwa sababu wapenzi wake walikataa ufe. Jumuiya ya RallySimFans hutoa bila malipo kifurushi chenye mamia ya barabara na fizikia iliyoboreshwa. Mchezo huo haukutengenezwa kwa ajili ya VR, lakini kuna programu huria iitwayo openRBRVR inayouwezesha. Mimi kama mwandishi wa programu navua kofia. Watu wasiolipwa wamechukua programu yenye zaidi ya miaka ishirini na kuitia macho mawili. Na kwa kuwa ni ya zamani, haiombi kadi ya mshahara wa miezi sita.

Binamu aliruka: "Lakini kaka, mimi nataka ule wenye Naivasha yenyewe!" Anasema EA Sports WRC wa 2023. Ni kweli, Safari Rally imo, na VR waliiongeza mwaka 2024 kama toleo la majaribio. Lakini ule ni mchezo mzito. Kwenye mashine yangu nauchezea kwenye skrini, si kwenye miwani. Kama unataka huo tu, na ndani ya VR tu, basi ndiyo, utahitaji kadi kubwa. Angalau utakuwa umejua kwa nini unailipia. Kupanga ni kuchagua.

Mashine yangu, na kosa langu

Nilianza vibaya. Nilinunua kompyuta ya ofisi ya mitumba, ile nyembamba inayolala juu ya meza, kwa kuwa ilikuwa ya bei ya kutupa. Kufika nyumbani, kadi ya kawaida haiingii. Nikatafuta kadi fupi ya kutosha humo. Ikaingia! Michezo ikaenda kwenye skrini, nikashangilia. Nikachomeka miwani... giza.

Nilipoteza siku mbili nikilaumu kebo. Kumbe Quest ikiunganishwa na kompyuta hupokea video iliyobanwa, na kazi ya kubana hufanywa na sehemu maalumu ndani ya kadi ya picha. Kadi yangu ndogo haikuwa na sehemu hiyo kabisa. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza. Hasara ni yangu, ninyi chukueni funzo bure: kabla ya kulipa, hakikisha kadi ina uwezo wa kurekodi na kubana video.

Baadaye nikajenga upya, polepole, kwa miezi minane. Hizi ni bei nilizolipa mimi. Zako zitatofautiana:

1. Kompyuta ya mnara ya ex-UK, prosesa i5 ya kizazi cha 8, RAM 16GB na diski ya SSD: 24,000.
2. Kadi ya RTX 2060 yenye 6GB, imetumika: 22,000.
3. Pawa saplai ya wati 500 na waya wa kuibadilisha: 6,500.
4. Miwani ya Quest 2, imetumika: 24,000.
5. Kebo ndefu ya USB 3: 2,000.
6. Usukani wa Logitech G29 na pedali zake, umetumika: 22,000.
7. Kiti cha gari lililokatwa, na fremu ya chuma ya fundi wa jua kali: 6,000.

Jumla 106,500. Chini ya nusu ya ile bei ya binamu, na hapa usukani, miwani na kiti vimo.

Maelezo machache. Kizazi cha 8 si bahati nasibu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi hicho hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ile i5 ya kizazi cha 6 unayouziwa kwa bei ya chini ina sababu ya kuwa hivyo.

Pawa saplai nayo. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, na RTX 2060 inakula 160. Zilizobaki lazima zitoke kwenye waya wake wenyewe, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Tena plagi za ubao mama wa mashine hizo mara nyingi si za kawaida, kwa hiyo beba picha ya plagi yako ukienda Luthuli Avenue. Hapo kwenye umeme usibane pesa. Pawa saplai mbovu huondoka na wenzake.

Kadi za GTX za kizazi cha 10 bado zinauzwa kwa bei tamu, lakini Nvidia ilisimamisha maboresho ya kawaida ya draiva zake Oktoba 2025. Na kuna miwani ya kundi la Windows Mixed Reality, mizuri kuiangalia na bei yake inavutia. Microsoft yenyewe iliiondoa kwenye Windows 11 toleo la 24H2 mwaka 2024. Kinachoiweka hai ni juhudi za watu binafsi. Kama hupendi kuhangaika, ipite.

Kadi iliyotumika ijaribu kabla ya kulipa. Iache ifanye kazi nzito kwa nusu saa mbele ya muuzaji, sikiliza feni, tazama joto. Akikataa, mshukuru uondoke.

Mnaobisha nawasikia

Wa kwanza atasema: nunua PlayStation 5 na PSVR2, ucheze Gran Turismo 7, uache kuhangaika na waya. Sikupingi sana. Ni njia safi na picha ni nzuri. Lakini kompyuta yangu huniandikia programu mchana na kunirusha jioni. PlayStation haitanilipia kodi ya nyumba.

Wa pili atasema: vitu vya mitumba ni kamari. Kweli kabisa, nimeshawaeleza nilivyoliwa. Lakini kamari hiyo nimeicheza kidogo kidogo, kifaa kwa kifaa, bila kuuza kitu kinachonilisha. Kikiharibika kimoja naumia, sifilisiki.

Wa tatu, na huyu ndiye mgumu, atasema: hii yote ni anasa, watu wana shida. Ni anasa, sikatai. Lakini mchezo wa magari hapa kwetu umekuwa wa wenye mali kwa miaka mingi. Fundi anayefungua sanduku za gia kila siku hajawahi kukaa kwenye kiti cha dereva wa ralli. Kiti hiki cha chuma chakavu ndicho cha bei ya chini kabisa anachoweza kukipata. Ndiyo maana naudhika mtu akimfanya aamini kwamba kinaanzia shilingi 235,000.

Nimemwambia binamu aanze na usukani, autumie na skrini aliyonayo. Halafu kompyuta. Miwani iwe ya mwisho. Akichoka njiani, usukani ataupata mnunuzi na atakuwa amepoteza kidogo. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu, nikamkalisha, nikamvalisha miwani. Kilomita tano za changarawe. Alipinduka mara mbili. Alipovua miwani alikaa kimya, kisha akauliza, "Kaka, kwa nini breki inaganda nikiikanyaga kwenye kona?" Hakuuliza kadi ni gani.

Pikipiki bado anayo. Ingawa juzi amenitumia ujumbe kuuliza kama taa za rangi zinaweza kuongezwa baadaye. Nimemwambia zinaweza. Baadaye.

Haya, kama wewe umejenga yako kwa pesa kidogo zaidi, niandikie. Nitafurahi kuaibishwa. Tuonane tena.