Dada, Sema Tu ni Mtumba! Aibu Iko Kwenye Uongo

Wadau, leo sitamtaja mtu jina. Mkianza kutajana wenyewe huko chini, shauri yenu. Ila huyu ninayemsema mnamjua, kwa sababu hayuko mmoja. Ni yule dada wa kwenye filamu, au yule wa kwenye video za muziki, mwenye wafuasi kibao, ambaye kila wikiendi anaingia laivu akiwa na rundo la magauni. "Mzigo mpya wapendwa, umetua leo kutoka Uturuki, ziko pisi chache, bei njoo DM." Nguo ni nzuri, sikatai. Lakini ukiisogeza picha karibu unaona lebo imefifia kwa kufuliwa na kifungo cha tatu hakifanani na wenzake. Hiyo Uturuki iko Ilala, jamani. Hiyo ni Karume.

Na mimi sina tatizo na Karume. Tatizo langu ni hiyo Uturuki.

Kwa nini naliongelea? Kwa sababu mastaa wakidanganya, wao wanapata kiki na maisha yanaendelea. Lakini kuna binti huku Bunju anaangalia ile laivu akiwa na laki moja yake ya mwisho mkononi, anajisemea "kumbe ndo inavyofanyika", na yeye anaanza na uongo uleule. Tofauti ni kwamba staa akipoteza mteja mmoja ana maelfu wengine wanaosubiri. Huyu binti wa Bunju akipoteza wateja kumi, amefunga biashara.

Nianze na hii aibu ilikotoka. Sisi ni watu ambao wazazi wetu waliita nguo hizi "kafa Ulaya", yaani mzungu kafa, wewe umevalia msiba wake. Ikafika miaka ya 1980, biashara ilipoanza kuachiwa huru, mitumba ikajaa na kila mtu akavaa, kuanzia mwanafunzi mpaka bosi wake baba. Lakini ile aibu haikuondoka. Tunavaa mchana kweupe, ila hatusemi. Ukimsifia mtu shati, atakwambia "nimeletewa". Na nani? Kimya.

Sasa angalia tunachokionea aibu. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kidogo kidogo ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikaja juu, ikatishia kuzitoa nchi zetu kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Tanzania tukarudi nyuma. Rwanda wakakaza, wakapandisha ushuru, na mwaka 2018 nguo zao zikasimamishiwa nafuu ile. Yaani kuna serikali zimevutana kwa sababu ya belo la nguo, halafu wewe unaona haya kulitaja kwa mteja wa elfu kumi na mbili?

Na huko nje wenzetu wala hawajifichi. Depop, programu ya vijana kuuziana nguo zilizovaliwa, ilinunuliwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Vinted iliyoanzia Lithuania mwaka 2008 inakutaka useme hali ya nguo kabla hujaipandisha: ni mpya na ina lebo yake, ni nzuri sana, ni nzuri, au inaridhisha tu. Mnunuzi anajua kabisa imevaliwa. Ananunua hivyohivyo. Ukweli ndio unaomfanya anunue nguo ya mtu asiyemjua bila kuishika.

Turudi Bunju sasa, maana huku ndiko hesabu zilipo.

Huku kwetu watu wengi walihamia kufuata viwanja na vyumba vya bei nafuu, lakini kazi zao ziko mjini. Mtu anatoka alfajiri, anapambana na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, anarudi usiku. Huyo mtu anapenda nguo nzuri kama wewe, ila hana siku nzima ya kwenda kuinama Karume au Tandika kuchambua rundo. Hapo ndipo ulipo mchongo wako. Hujauza nguo tu. Umeuza jicho lako, siku yako, sabuni yako, na miguu yako iliyomfikishia mzigo mpaka Bunju B. Kwa hiyo ukisema "nimeitoa Karume, nimeichagua mwenyewe, nimeifua na kuipiga pasi, ni elfu kumi na mbili", hujajishusha. Umemwambia mteja anacholipia.

Wengine mtaniambia: "Ukisema mtumba, mteja anakwambia nenda kule zinauzwa buku tatu." Sawa, watakuwepo. Mwache aende. Alipe nauli, apigwe jua, achambue saa tatu, arudi na kitambaa cha kufutia gari. Wiki ijayo atakupigia. Yule anayejua thamani ya Jumamosi yake hatakusumbua.

Tufanye hesabu kidogo, na hii ni mfano tu, wewe weka bei zako. Tuseme una 60,000. Unachukua vipande 12 kwa wastani wa 4,000, hiyo ni 48,000. Nauli ya kwenda na kurudi na chai, 4,000. Sabuni na umeme wa pasi, 3,000. Bando, 5,000. Imeisha yote, na kila kipande kimekugharimu 5,000, siyo 4,000. Hapo wengi ndipo wanapojidanganya.

Unauza kwa 12,000. Vipande 8 vinaondoka, unapata 96,000. Viwili vina kasoro, unaviachia kwa 5,000 kila kimoja. Viwili vinakaa. Mkononi una 106,000. Toa mtaji, zinabaki 46,000. Hapohapo mteja mmoja kakataa mzigo mlangoni na boda anakudai 6,000 yake. Zimebaki 40,000, pamoja na zile nguo mbili zinazokuangalia kabatini.

Elfu arobaini kwa wiki moja au mbili za kujibu "bado ipo?" usiku wa manane. Siyo hela ya kununua gari, na yeyote anayekuonyesha gari akasema limetokana na magauni ishirini ya laivu, muulize vizuri. Lakini inalipa ada ya mdogo wako, inasogeza kodi ya chumba, na inakufanya usimpigie mtu simu ya kuomba. Mimi hiyo naiheshimu kuliko gari la kuazima.

Sasa tia uongo kwenye hesabu hiyohiyo. Gauni la "Uturuki" umeliuza 35,000. Umeshangilia. Mteja kalivaa kwenye send-off, shangazi yake kaona lebo ya duka la hisani la Uingereza imebaki kwenye mshono. Pale mezani kila mtu kacheka. Huyo mteja hatakurudia, na hatanyamaza. Bunju siyo mbali kihivyo, wadau. Tunapanda daladala moja, tunakutana msikitini, kanisani, saluni, kwenye kicoba. Staa wa laivu hakutani na mteja wake dukani kwa Mangi. Wewe unakutana naye kila jioni.

Faida ya mara moja ni 30,000. Mteja anayerudi kila mwezi na kuleta mashosti wawili, huyo ndiye duka lako. Hiyo fremu ya barabarani usiyoweza kuilipia kodi, mbadala wake ni neno lako. Likivunjika, huna fremu.

Kuna uongo wa pili ambao naona hata wasema kweli wanaufanya: kuficha kasoro. Doa liko kwapani, picha imepigwa mbele. Zipu inakwama, video imekatwa kabla haijafika juu. Saizi hujapima, umeandika tu "inaenea wote". Hakuna nguo inayoenea wote, dada. Chukua futi ya fundi, pima kifua, kiuno na urefu, andika. Piga picha ya doa, weka duara jekundu, punguza elfu mbili. Ukifanya hivyo mara tatu, mteja wa nne anatuma hela kabla mzigo haujatoka, maana anajua ungekuwa na tatizo ungesema. Siku hizi kila mtu ana stori ya kupigwa mtandaoni: kaagiza kiatu, kaletewa raba ya kushoto mbili. Kati ya watu wote hao waliopigwa, wewe msema kweli ndiye unayeokota.

Na hiyo "bei njoo DM" jamani tuiache. Andika bei. Mtu akiona umeificha anajua unataka kumpima kwanza picha yake ya profaili, akiwa na iPhone apandishiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, aeleze bidhaa ikoje na bei yake. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja. Kwa hiyo Karume kuitwa Istanbul siyo utani tu wa mjini.

Ndugu zangu wa simu na vifaa vya umeme, msidhani nimewasahau. Simu "used" ukiinunua kwa kijana anayehema na hataki kusema aliipata wapi, umenunua kesi. Bonyeza *#06# uone IMEI, linganisha na ya kwenye boksi, andikishianeni, baki na nakala ya kitambulisho chake. Akikataa, mwache aende na bei yake nzuri. Na wa nguo, zile za ndani za mitumba TBS walishazikataza, hata ziwe na lebo gani. Usiingie huko.

Uongo wa tatu ni ule unaojidanganya mwenyewe: kutoandika. Wengi tunauza kwa simu moja, hela ya biashara, ya mboga na ya michango ya harusi zote zipo kwenye namba moja. Mwisho wa mwezi umechoka na hujui umepata nini. Chukua daftari la buku. Na lina faida nyingine: kwa viwango vya TRA vya mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakutozwa kodi ya mapato. Ukivuka hapo mpaka milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yaani ukiuza milioni 5 na una daftari lako, ni 30,000. Daftari la buku limekuokolea elfu sabini. Nenda kaulize viwango vya sasa, usisubiri kufuatwa.

Kingine kinachoniuma ni heshima ya watu wa Karume wenyewe. Januari 2022 soko lile liliungua. Watu waliamka wakakuta mitaji ya miaka imekuwa majivu, wakaanza upya kwenye majivu hayohayo. Wale hawajawahi kumwambia mtu kwamba wanauza kitu kingine. Wanapanda juu ya meza, wanapiga kelele bei, wanakuonyesha kilichochanika. Halafu staa anaenda pale asubuhi na kofia na miwani asitambulike, anachagua kazi za watu, jioni anasema ametoka Uturuki. Angewataja tu. "Hii nimeitoa kwa mama mmoja Karume, ana jicho balaa." Hebu fikiria wangapi wangemfuata yule mama kesho yake. Na yeye staa angepungukiwa nini? Hakuna. Angeuza zaidi, maana watu wangeenda kuona kama wana jicho kama lake.

Kwa hiyo dada wa Bunju, na kaka pia maana mpo wengi, msiige laivu ya mtu ambaye kula yake haitegemei lile gauni. Anza na vipande vichache. Sema kilikotoka. Onyesha kilichoharibika. Weka bei. Andika daftari. Ukikaa mwezi wa kwanza bila faida ya maana, umeshapata wateja watano wanaokuamini, na hao hawauzwi Karume wala Uturuki.

Na wewe staa wetu, unajijua. Tunakupenda, na tutanunua. Siku moja ingia laivu useme tu: "Jamani, ni mtumba, na ni mkali." Utashangaa simu yako itakavyoita.

Haya wadau, povu ruksa. Wewe ukiambiwa ukweli kwamba ni mtumba, unanunua au unapita? Na kama unauza, unasema au unaficha? Shusheni maoni hapa chini, ila majina bakini nayo.