Ardhi ya Kurushia Roketi na Miungano Isiyodumu: Funzo la Shaba kwa Nyanda za Juu za Kigoma

Vituo vya kurushia roketi, yaani maeneo yenye majukwaa, mitambo ya kufuatilia na ukanda wa usalama ambamo vyombo vya anga za juu huanzia safari zake, hujadiliwa kwa kawaida kama jambo la mataifa makubwa, ilhali kwa wakazi wa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, historia yake iko karibu mno, kwani katika miaka ya 1970 kampuni binafsi ya Kijerumani ilirusha roketi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Shaba la Zaire, ambalo baadaye liliitwa tena Katanga, nchini Kongo. Makala haya yanatetea hoja moja: miungano ya mataifa hubadilika upesi kuliko mikataba ya ardhi, na kwa hiyo swali la kwanza kwa nchi mwenyeji ni kile inachobaki nacho mshirika wake anapoondoka, kisha ndipo lifuate swali la kushirikiana na nani.

Sababu ya Afrika Mashariki kutafutwa ni ya kimaumbile. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata msukumo wa bure na kuweza kubeba mzigo mzito zaidi kwa fueli ileile. Kibondo na Kasulu, zilizo kati ya nyuzi 3 na 5 kusini mwa ikweta, zina faida hiyo, lakini roketi huangusha sehemu zake njiani kadiri fueli inavyokwisha, na ndiyo maana maeneo yanayofaa zaidi ni yale yenye bahari upande wa mashariki, kwa kuwa nchi kavu upande huo humaanisha vijiji na mashamba ya watu.

Kampuni hiyo ya Kijerumani, OTRAG, iliasisiwa na mhandisi Lutz Kayser mwaka 1975, ikiwa na lengo la kutengeneza roketi za bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi yaliyofanana, na ikampata Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Marekani cha Kennedy, kuwa mwenyekiti wa bodi yake. Serikali ya rais wa Zaire, Mobutu Sese Seko, iliipa haki ya kutumia eneo la takriban kilomita za mraba 100,000, ambalo ni zaidi ya mara mbili ya Mkoa mzima wa Kigoma, hadi mwaka 2000, kwa masharti yaliyowakinga wafanyakazi wake dhidi ya sheria za nchi na kuruhusu wenyeji kuhamishwa pale kampuni ilipohitaji. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977 kutoka uwanda ulio juu ya Mto Luvua, nyingine mbili zikafuata Mei na Juni 1978, na ile ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe.

Kilichouvunja mradi huo, hata hivyo, ni siasa. Umoja wa Kisovieti ulidai kwamba Ujerumani Magharibi ilikuwa ikijaribu makombora ya kivita kwa kisingizio cha biashara, na shaka hiyo ilikuzwa na ukweli kwamba Shaba ilivamiwa mara mbili, mwaka 1977 na 1978, na waasi waliotokea Angola, huku Ufaransa na Ubelgiji zikituma wanajeshi katika mji wa Kolwezi. Mobutu alipoanza kupatana na Agostinho Neto wa Angola, na serikali ya Ujerumani Magharibi ilipochoka kulaumiwa kwa mradi usiokuwa wake, kampuni ikabaki bila mlinzi: mwaka 1979 iliamriwa kuondoka, nayo ikahamia Libya. Zaire haikubaki na wahandisi wala chuo, na mkataba uliotarajiwa kudumu robo karne ulikufa ndani ya miaka minne.

Sheria ya kimataifa inaufanya upungufu huo kuwa mzito zaidi. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, unaoeleza nani hulipa fidia chombo cha anga za juu kinaposababisha madhara, unaitaja nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia kuwa mojawapo ya nchi zilizorusha, na kwa madhara yanayotokea juu ya uso wa Dunia dhima hiyo haitegemei kuthibitishwa kwa uzembe. Kwa maneno mengine, nchi inayokodisha uwanja hukodisha pia jina lake mbele ya sheria, na kodi ndogo ya ardhi haiwezi kulingana na mzigo huo.

Malindi, kwenye pwani ya Kenya, inaonyesha njia nyingine, ingawa nayo ilichelewa kuzaa matunda kwa mwenyeji. Italia, chini ya Profesa Luigi Broglio, ilisimika majukwaa ya San Marco baharini, Marekani ikatoa roketi za Scout, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka hapo na kupewa jina la Uhuru. Urushaji ulikoma mwaka 1988, lakini kituo cha mawasiliano kiliendelea, na makubaliano mapya ya mwaka 2016 yaliingiza mafunzo kwa Wakenya, haki ya kupata data na mpango wa kituo cha kikanda cha uchunguzi wa Dunia. Tofauti kati ya Malindi na Shaba ni kwamba Kenya iliendelea kuwa na mahali pa kudai, bunge la kuhoji na, tangu mwaka 2017, shirika lake la anga za juu la kusimamia madai hayo.

Leo ushindani umerudi kwa sura mpya. Mwaka 2023 Djibouti ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kuhusu kituo cha dola bilioni 1 katika eneo la Obock, na Uturuki imetangaza nia ya kujenga kituo nchini Somalia, huku mataifa ya Afrika yakigawanyika kati ya mpango wa Mwezi unaoongozwa na Marekani na ule wa China na Urusi. Mwaka 2022 Urusi iliwaondoa wataalamu wake Kourou, Guyana ya Ufaransa, ndani ya siku chache baada ya vita vya Ukraine kuanza, na hivyo ushirikiano uliokuwa ukirusha roketi za Soyuz hapo tangu 2011 ukaisha ghafla. Ikiwa mataifa yenye nguvu hupatwa na hayo, nchi maskini isiyo na akiba ya utaalamu huumia maradufu.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari ya namna hii ni anasa, kwa kuwa mtaji huu ukikataliwa na mmoja huchukuliwa na jirani, na hoja hiyo ina uzito. Lakini jibu lake ni kujadiliana kwa pamoja, na chombo cha kufanyia hivyo kipo, kwani Kenya, Tanzania, Kongo na Somalia zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Shirika la Anga za Juu la Afrika lenye makao yake Cairo lilizinduliwa mwaka 2025. Nchi zikikubaliana kiwango cha chini cha masharti, mwekezaji hatapata nafasi ya kuzishindanisha.

Kibondo na Kasulu zina haki ya kusikilizwa katika mjadala huo kwa sababu zimekwisha kujua maana ya siasa za mbali kutua juu ya ardhi ya kijiji. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, imewahifadhi Warundi, na wenyeji waliowapokea kwa utu wameona misitu ikipungua kwa mahitaji ya kuni huku maamuzi makubwa yakifanyika Geneva na Dar es Salaam. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa ardhi yake kuhaulishwa, ila eneo likizidi hekta 250 uamuzi huwa wa waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji, na kituo cha roketi pamoja na ukanda wake wa usalama kwa kawaida huhitaji eneo kubwa kuliko hilo.

Kwa hiyo mkataba wowote wa anga za juu katika ukanda huu, hata ukihusu pwani ya mbali, unapaswa kutimiza masharti manne kabla ya kutiwa saini: usomwe bungeni hadharani, umfanye mwekezaji abebe kwa bima dhima ya madhara, uwasomeshe vijana wa nchi hadi waweze kuendesha mitambo wenyewe, na uzipe halmashauri, zikiwemo za Kibondo na Kasulu, data za setilaiti kuhusu mvua, misitu na mashamba ya mahindi, mihogo na maharage bila malipo. Mshirika atakayeyakubali masharti hayo anastahili kukaribishwa, awe anatoka Roma, Beijing, Ankara au Washington, na atakayeyakataa ataonyesha mapema kwamba anachohitaji ni uwanja tu, kama ilivyokuwa Shaba.