Lamu Haimaliziki kwa Siku Moja

Sina shaka kwamba msafiri ashukaye jahazini asubuhi katika gati la Lamu, akaizuru ile ngome iliyojengwa baina ya mwaka 1813 na 1821, ambayo baadaye iligeuzwa gereza hadi mwaka 1984, kisha akarejea chomboni kabla ya magharibi, huwa ameona jambo la thamani.

Lakini ngome, kwa rai yangu, si kiini cha mji ule. Laiti wasafiri wa namna hiyo wangalibisha hodi katika nyumba moja ya mawe, wakaketi dakani, wakakaribishwa ndani hata wakaziona zidaka za chokaa zilizopangwa safu juu ya safu ukutani, ambamo wenyewe waliweka sahani za Kichina na vyombo vya fahari, wangalifahamu, pasipo hotuba ya mtembezaji mwenye haraka, kwa nini UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Sisi wakazi wa Voi twayajua haya ya wageni wapitao bila kutua, maana tangu Tsavo ifanywe hifadhi mwaka 1948, magari ya wageni hupita kwetu yakitimua vumbi jekundu, wala wengi wao hawashuki kununua hata kichane cha ndizi za Taveta.

Basi nawasihi wenye majahazi: walazeni wageni wenu mjini Lamu walau usiku mmoja, na chakula wanunue kwa wenyeji.