TUNATAKA KUMCHAGUA MKUU WA MKOA? TUANZE TAWINI



Hapa Makwale mtu hupiga kura ya kitongoji, ya kijiji, ya diwani, ya mbunge na ya Rais. Mkuu wa Mkoa hamchagui. Huyo huletwa. Ibara ya 61 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais kazi ya kumteua, nasi watu wa Kyela hulisikia jina lake redioni, kama tunavyosikia habari za mvua. Naye si mtu mdogo. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, na sheria ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Diwani tuliyemchagua kwa jasho letu hana uwezo wa namna hiyo, wala hatumwombei aupate.

Wazee wetu waliujua mtindo huu. Gavana Twining aliletwa na London, na Turnbull aliyemfuata mwaka 1958 aliletwa na London vilevile, na chini yao walikuwapo mabwana PC. Mwaka 1962 mabwana PC waliondoka, wakaingia Wakuu wa Mikoa waliotoka katika TANU. Wazee walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini kiti kikabaki cha kuletewa mtu.

Sasa vijana wetu wanasema: na tufanye kama Kenya. Huko, kwa Katiba ya mwaka 2010, nchi imegawanywa katika kaunti 47, na tangu tarehe 4 Machi 2013 kila kaunti humchagua gavana wake kwa kura. Mimi naunga mkono. Ila nawaomba vijana hao watazame vizuri kabla ya kushangilia, watazame kaunti moja tu, ya Kiambu.

Mwaka 2017 gavana wa Kiambu alikuwa William Kabogo. Mwezi wa Aprili alishindwa na Ferdinand Waititu katika uteuzi wa chama cha Jubilee. Mwezi wa Agosti Kabogo akasimama kama mgombea binafsi, akashindwa tena. Kwa nini? Kwa sababu mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kupita vingine, uchaguzi wenyewe huisha siku chama kinapomteua mtu wake. Agosti huja kupiga muhuri tu. Na siku hizo za Aprili katika Jubilee zilikuwa za vurugu: katika kaunti kadhaa uteuzi ulisimamishwa na kuanzwa upya, karatasi za kura hazikutosha!

Haikuishia hapo. Desemba 2019 baraza la kaunti lilipiga kura kumwondoa Waititu, na Januari 2020 Seneti ikathibitisha, naye akatoka. Hilo nalisifu. Waliomweka walikuwa na njia ya kumtoa. Je, sisi wa Kyela, Mkuu wa Mkoa akitukosea, tunakwenda kwa nani?

Basi, ndugu zangu, tukidai kumchagua Mkuu wa Mkoa na huku mambo ya chama yakabaki kama yalivyo, tutakuwa tumehamisha uteuzi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kumbukeni mwaka 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja wa jembe na mmoja wa nyumba, na mwananchi ndiye aliyekata maneno. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alianguka. Tena lingalisheni na hapa kwetu Kyela mwaka 2020: Dkt. Harrison Mwakyembe, naye waziri, alianguka katika kura za maoni za CCM. Sisemi alistahili kubaki au kuondoka. Nasema Bomani aliangushwa na wapiga kura wa jimbo zima, lakini Mwakyembe aliangushwa na wajumbe ukumbini, na mkulima wa kakao akapata habari jioni.

Mimi nataka hivi, na nasema na wanachama wa chama chochote kile. Kila mwenye kadi amchague mgombea katika tawi lake. Kura zihesabiwe pale pale, na hesabu ibandikwe mlangoni kabla watu hawajatawanyika. Vikao vya juu vikimkata mtu aliyeshinda, na vitoe sababu kwa maandishi, isomwe mbele ya wanachama. Bila hayo, fedha itasema mapema kuliko sisi, maana wajumbe mia chache ni rahisi kuwafikia kwa bahasha usiku mmoja, lakini mkoa mzima hauna bahasha ya kuutosha.

Kazi ya kwanza haingojei Katiba mpya. Makatibu wa matawi ya Makwale wabandike orodha ya wanachama wao ukutani, tuone ni nani yumo na nani alikwisha kufa lakini bado anapiga kura.