Maji ya mbwa wa ulinzi

Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita moja ya maji kwa siku, na zaidi kwenye joto la Dar es Salaam, kwani hujipoza kwa kuhema. Lakini Mbagala na Tegeta wapo mbwa wa ulinzi wanaoshinda bandani na sufuria kuukuu yenye utelezi wa kijani na viluwiluwi vya mbu. Panya wakiyakojolea maji hayo, yanaweza kubeba homa ya mgunda, ile iliyoua watu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Mgawo wa maji si kisingizio. Lita moja haimalizi ndoo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamgusa mfugaji wa mbwa hawa pia. Chombo kisuguliwe kila siku, kikae kivulini, maji yabadilishwe asubuhi na jioni.